Tangazo la Nusu Mtaa

Mgeni alipiga hodi wakati Tarumbeta ana maji ya chumvi kooni, ameinua uso juu anasukutua, kwa hiyo jibu la kwanza alilopata lilikuwa kama birika linalochemka. La pili lilitoka kwa mkewe, aliyekuwa mezani na kalamu sikioni.

"Karibu ndani. Usimjali huyo, anapasha injini moto."

Aliyeingia alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, viatu vimejaa tope la mteremko, begi limemvuta bega upande mmoja. Mke wa Tarumbeta, ambaye mtaa mzima ulimwita Karani, alimpima kwa jicho kama alivyozoea kuwapima wateja. Wenye msiba huingia wameinamisha kichwa. Waliopotelewa na mbuzi huanza kueleza kabla hawajafika mlangoni, na wengine huanza wakiwa bado barabarani. Huyu alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Ni hapa kwa watu wa matangazo?"

"Ndipo. Umepotelewa na nini, binti?"

"Na maneno yangu," alisema msichana, kisha akaona haya kwa jibu lake mwenyewe. "Samahani, mama. Ni kwamba nilikuwa nimekaa kibandani nakunywa chai, gari likapita. Likasema watafiti wamethibitisha kuwa chujio la udongo linamaliza vijidudu vyote na mtoto hataumwa tumbo tena. Nikamuuliza mwenye kibanda, watafiti gani hao? Akaniambia, wale wakubwa wa chuoni."

"Naam, hao hao," alisema Karani kwa fahari kidogo.

"Mtafiti mwenyewe ni mimi."

Tarumbeta akameza yale maji ya chumvi yote.

Kwa kweli hawakuwa wamemfikiria mtafiti kuwa na umbo hili. Karani, kila alipoliandika neno hilo, alimwona mzee mwenye koti jeupe na kipara kinachong'aa, mtu asiyetembea kwa miguu. Huyu wa mbele yake alikuwa na kiatu kilichoshonwa upya ubavuni. Alimvutia kiti, akampa maji, na msichana alipoyatazama yale maji kabla ya kuyanywa, Karani akaanza kupata wasiwasi.

"Nilisema hivyo kweli?" aliuliza Tarumbeta, sauti imekauka kwa chumvi.

"Ulisema, baba. Na una sauti nzuri sana. Hilo ndilo tatizo."

*

Nyumba ile iliishi kwa sauti. Mume alikuwa na koo, mke alikuwa na kalamu, na kaka wa mke alikuwa na gari lenye vipaza sauti viwili juu ya paa. Kaka aliwaachia gari hilo walitumie kwa matangazo ya watu wengine, nao wakamtangazia duka lake la vyombo bila malipo. Kwa miaka mingi mpango huo ulikwenda vizuri, kwa sababu Karani alikuwa na kipaji kisichofundishwa popote: aliweza kuichukua habari ndefu ya mtu aliyechanganyikiwa na kuikamua mpaka ikabaki sentensi ambayo hata mtu aliyeshika sufuria ya moto angeisikia na kuielewa. "Tangazo ni kama mzigo wa kichwani," alikuwa akisema. "Ukizidi, mtu anautua njiani."

Sasa msichana alitoa begini kitabu chembamba cha utafiti wake, akakifungua penye alama, akamsogezea. Karani alisoma mstari wa kwanza. Akarudi mwanzo. Akausoma tena kwa sauti ndogo, kidole kikifuata.

"Hapa mmesema nini?"

"Tumesema kwamba..."

"Hapana, usinieleze wewe. Hapa palipoandikwa pamesema nini?"

Tarumbeta alichungulia juu ya bega la mkewe. "Sentensi hii ina mimba," alisema. "Tena ya muda mrefu."

Msichana alicheka, halafu akakoma, kwa sababu ilikuwa yake. Akaeleza kwa mdomo, na kwa mdomo alikuwa mtu mwingine kabisa. Walikuwa wamezifuata nyumba za mtaa huu zenye chujio la udongo, lile la chungu kinachokaa juu ya ndoo yenye bomba. Katika nyumba zilizolisugua chujio kila wiki kwa brashi na kuiosha ile ndoo ya chini kwa sabuni, watoto waliharisha mara chache kuliko wa nyumba zisizo na chujio. Lakini nyumba zilizoliacha bila kusugua, au zilizolifuta kwa kitambaa kile kile cha kufutia meza, hazikuona faida yoyote. Katika baadhi, maji yalitoka machafu kuliko yalivyoingia.

"Na masika je?" aliuliza Karani. "Masika maji ya bomba huku huja na rangi ya chai."

"Masika hatujayapima."

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui bado."

Tarumbeta alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyesikia daktari akisema ameusahau mkasi tumboni mwa mgonjwa. Katika maisha yake yote ya kipaza sauti, maneno hayo mawili hayakuwahi kupita kooni mwake.

"Sasa nani alipiga chuku?" aliuliza. "Sisi tuliandika kutokana na gazeti. Shemeji alituletea kipande."

Basi wakaifuata habari nyuma, kama watu wanaotafuta bomba linapovuja. Msichana na wenzake walikuwa wameandika kwamba chujio huenda linapunguza kuhara, katika baadhi ya nyumba, ikiwa litasafishwa. Ofisi ya habari ya chuo chao ikaona "huenda" linatia aibu chuo kizima, ikaliondoa. Mwandishi wa gazeti hakuwa na nafasi ya habari za kusafisha kwa brashi, akaziondoa. Na Karani, akiwa amekaa pale pale alipokaa sasa, akaona "linapunguza" lina sauti ya unyonge, akaandika "linamaliza". Halafu juu yake akatia "wamethibitisha", kwa sababu Tarumbeta hulitamka neno hilo vizuri sana.

"Kila mmoja aliondoa kidogo," alisema Karani polepole.

"Hata sisi," alisema msichana. "Tungeandika kitu kinachosomeka, labda kisingehitaji kupunguzwa na mtu."

Karani aliitoa kalamu sikioni, akaiweka mezani. Alikuwa amewahi kukosea tangazo: harusi iliyotajwa siku isiyo yake, mbuzi mweupe akatangazwa mweusi. Hayo watu waliyacheka yakaisha. Lakini sasa kulikuwa na nyumba ngapi ambamo mama amemkingia mtoto kikombe, akaamini, kwa sababu ya sentensi yake? Hakuiona faida ya kuhesabu. Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Twendeni kwa kaka."

*

Kaka alikuwa dukani, amezungukwa na machujio yaliyopangwa mpaka darini. Alikuwa mtu mnene mwenye cheko la karibu, na hakuwa tapeli. Chujio kama hilo alikuwa nalo kwake nyumbani, na mkewe alilisugua kila siku kwa sababu alisugua kila kitu, hata kuku kama angesimama. Ndiyo maana aliposikiliza hadithi ya msichana mpaka mwisho, kilichomwuma hakikuwa dhambi. Kilimwuma kile kineno.

"Huenda?" alisema. "Mdogo wangu, unataka niuze bidhaa kwa huenda? Umeona wapi? Nikuuzie kitanda nikwambie, chukua dada, huenda hutaanguka?"

"Kitanda hakimharishi mtoto, kaka."

"Na wewe binti," alimgeukia msichana, "ulisoma miaka yote hiyo ili uje kusema huenda?"

"Karibu yote, baba."

Kaka alicheka bila kupenda. Akafuta jasho. Akauliza kama maneno hayo mabaya yangeweza kusemwa kwa sauti ya chini kidogo. Tarumbeta, aliyekuwa akikaa kimya mbele ya shemeji yake kama inavyompasa mtu anayeendesha gari la mwingine, alisema hapana, kipaza sauti hakina chini.

"Haya," alisema kaka mwishowe. "Semeni. Mimi si mchawi. Lakini zuri litangulie, baya lifuate. Na gari lisisimame. Likisimama linakula mafuta bure, na watoto wanalipanda kama mwembe."

Waliliandika tangazo jioni ile ile, vichwa vitatu juu ya karatasi moja. Msichana alitaka pande mbili zilingane, na kila Karani alipoongeza neno upande wa uzuri, yeye aliongeza upande wa tahadhari, kama mwuza nyama mwaminifu mwenye mizani. Lilipokamilika lilikuwa refu, lakini lilikuwa safi. Nusu ya kwanza ilisema chujio linasaidia watoto, na kwa kiasi gani. Nusu ya pili ilisema chujio chafu ni hatari, maji yake yaweza kuwa mabaya kuliko ya bomba, na kuna mambo bado hayajulikani. Msichana alilisoma akaondoa miwani, akaifuta.

"Sijawahi kuona kazi yangu imesemwa kwa haki namna hii."

Karani alilala usingizi mwema.

Asubuhi alipanda gari pamoja na mumewe, akaketi mbele na karatasi mapajani. Walianzia juu, penye bomba la mtaa, wakashuka mteremko taratibu, Tarumbeta akisoma kwa sauti moja isiyopendelea upande. Kwa vile tangazo lilikuwa refu, lilimalizika barabara ilipokuwa inamalizikia, huko bondeni. Hapo wakazunguka kwa barabara kuu, wakarudi juu, wakaanza tena. Wakafanya hivyo mpaka jua likawa kali. Karani aliyasikiliza maneno yake yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, mara baada ya mara, na kila mara akaona hakuna lililopungua.

*

Siku chache baadaye alikwenda bombani na ndoo yake, akakuta vita.

"Sauti ya Tarumbeta hiyo hiyo, kwa masikio yangu haya!" mwanamke wa nyumba za juu alikuwa anasema. "Limesema linawasaidia watoto. Jana nimenunua, na dada yangu kanunua."

"Basi masikio yako yana nta," alijibu mmoja wa bondeni. "Limesema ni hatari! Limesema maji yake ni mabaya kuliko haya ya bomba!"

"Ninyi wa bondeni mnasikia mnachotaka."

"Na ninyi wa juu mmehongwa vyungu!"

"Tumehongwa na nani? Wewe chujio lako liko wapi?"

"Nimepandia vitunguu!"

Wakacheka wote wa upande wa bondeni, kwa sababu kumbe hakuwa peke yake. Yule wa juu akamwona Karani. "Huyu hapa mwenye maneno yake. Karani, tuamulie. Mlisema linasaidia, hamkusema?"

"Tulisema," alijibu Karani.

"Mlisema ni hatari, hamkusema?" akaruka wa bondeni.

"Tulisema."

Foleni yote ikamgeukia. Hata maji yalionekana kupunguza kelele. Karani alisimama na ndoo mkononi, na taratibu akaiona ile barabara kama ilivyokuwa asubuhi ile: gari linashuka, nyumba moja inapitwa, inafuata nyingine. Nani hutoka nje akalifuata gari ili asikie mwisho? Wa juu walipata mwanzo, likapita. Wa bondeni walipata mwisho. Katika mtaa mzima walikuwako watu wawili tu waliolisikia tangazo lote, na wote wawili walikuwa ndani ya gari.

"Mama yangu," alisema Karani.

"Mama yako amesema lipi?" aliuliza mtu nyuma ya foleni.

Aliiacha ndoo papo hapo, akashuka mteremko. Mlango baada ya mlango aliviona vyungu uani, vimejazwa udongo, majani ya vitunguu yanachungulia. Vilipendeza kwa kweli. Kwa Mama Mapacha, aliyefua nguo za watu kila siku isipokuwa Jumamosi, chungu kilikuwa kimewekwa penye jua, kimemwagiwa maji. Ndani, pacha mmoja alikuwa anacheza na kifuniko. Mwingine alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani.

"Ana nini?"

"Tumbo," alisema Mama Mapacha. "Tangu jana anaendesha. Kaa dada, usinitazame hivyo, nimempa maji ya sukari na chumvi."

"Anakunywa maji gani?"

"Ya bomba, kama mlivyosema. Si mlisema ya chujio ni mabaya kuliko hayo?" Halafu, kama mtu anayeomba msamaha: "Na mimi nilikuwa nalisugua lile, kila wiki, kwa brashi yake. Naliogesha kama mtoto mchanga. Nikasema potelea mbali, wenye elimu wamesema."

Karani alimbeba mtoto mgongoni, wakapanda naye mpaka zahanati, na muuguzi akasema wamewahi, akatoa dawa, akawaambia wachemshe maji. Kufika jioni mtoto alikuwa anamnyang'anya mwenzake kile kifuniko. Lakini Karani, baada ya kuaga, alirudi tena mlangoni.

"Jumamosi asubuhi nitakuja," alisema. "Mimi, mume wangu na yule binti mwenye utafiti. Tutasema lote hapa mlangoni pako, mwanzo mpaka mwisho, na hatutaondoka mpaka maswali yaishe."

Mama Mapacha alitabasamu kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni asiyejua njia. "Gari hupita tu huku, Karani. Halijawahi kusimama."

"Nimekwambia nitakuja."

"Haya. Nitawaambia na majirani. Usije ukaniaibisha tu."

*

Kaka aliwatumia soda. Kreti nzima, pamoja na salamu kwamba nusu ya mtaa imenunua na kwamba huyo msichana wa huenda ana baraka zake. Karani alikwenda kumshukuru, akamweleza yaliyotokea bondeni. Kaka alisikitika kweli, akauliza hali ya mtoto mara mbili, akatoa na pesa ya matunda. Kisha akasikia habari ya Jumamosi.

"Jumamosi gani? Hii?"

"Hii."

"Mdogo wangu, Jumamosi hii nafungua duka la pili. Nimealika watu. Gari litazunguka tangu asubuhi, na mwenye sauti ni mumeo. Unajua hilo."

"Nilisahau, kaka. Nilikuwa na mtoto wa watu mgongoni."

"Basi nenda Jumapili. Ukweli hauozi kwa siku moja."

"Jumapili anafua. Na keshawaambia majirani."

Kaka alijaribu kucheka, cheko likagoma. "Yaani mje mkasimame na gari langu, siku ya duka langu, mtangaze kwamba bidhaa yangu haijulikani?"

"Hatutasema haijulikani. Tutasema kinachojulikana, halafu tutasema na kisichojulikana. Hata wale wa juu walionunua, kaka, hawajaambiwa kusugua. Nao tutawafuata."

"Damu yangu mwenyewe!" alisema kaka, akiliambia chujio lililokuwa karibu. Akamgeukia Tarumbeta, ambaye alikuwa anakagua kucha zake. "Shemeji, wewe ni mwanamume mwenye akili. Jumamosi unakuja kazini au unakwenda kukaa na wafuaji? Ukienda huko, niachie funguo. Yule kinyozi wa kona ana sauti, na amekuwa ananiomba kazi siku nyingi."

Tarumbeta alisema atafikiri, jambo lililowashangaza wote wawili.

Alifikiri njia nzima. Nyumbani alikwenda kulitazama gari, akafuta vumbi la kipaza sauti cha kushoto kwa shati lake mwenyewe. Alilipenda gari lile kama mtu anavyopenda kimo chake. Bila hilo alikuwa mtu mfupi mwenye koo nyeti. Karani alimwacha. Alipika, akapakua, akakaa, na hakusema neno, na baada ya miaka yote ile ya ndoa Tarumbeta alijua kwamba kimya cha mkewe ndicho tangazo refu kuliko yote.

"Tungeahidi wiki ijayo," alisema akiwa na tonge mkononi.

"Tungeahidi."

"Lakini umeahidi hii."

"Nimeahidi hii. Sikukuuliza, na hapo nimekosa. Wewe nenda kwa kaka, mimi nitakwenda na binti."

"Utakwenda na sauti gani? Wewe ukiita kuku, kuku wanauliza nani anakohoa." Akaliweka tonge. "Mke wangu, uongo niliusema kwa gari. Sasa ukweli niuseme kwa miguu?"

"Ndivyo inavyoelekea."

"Dunia hii haina adabu," alisema Tarumbeta. Akanawa, akatoka na funguo, na aliporudi kutoka kwa shemeji yake mifuko yake haikutoa mlio.

*

Jumamosi walishuka mteremko wakiwa watatu, msichana amebeba chujio lake la kuonyeshea, Karani brashi na sabuni, Tarumbeta mikono mitupu. Mbele ya mlango wa Mama Mapacha watu walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizogeuzwa, na wengine walikuwa wamesimama kwa mbali ili waweze kuondoka kwa heshima kama mambo yangechosha.

"Gari liko wapi?" aliuliza mtu.

"Limepata kazi nyingine," alisema Tarumbeta, nao wakatazamana, kwa sababu hawakuwahi kuisikia sauti yake ikiwa uchi. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya mtu wa kimo chake.

Karani hakuwa ameandika kitu safari hii. Alianza kwa kuwaambia walivyokosea, kuhusu gari na mteremko, na watu wa bondeni wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye ndoo. Halafu Tarumbeta akaeleza chujio linavyosaidia. Mtu akauliza, akajibiwa. Msichana akasugua chungu mbele yao, akaonyesha kwa nini hakipakwi sabuni, na kwa nini ndoo ya chini ndiyo inayooshwa kwa sabuni. Akawaambia pia waziwazi kuwa nyumba walizochunguza hazikuwa nyingi, na zote ni za mtaa huu mmoja.

"Kwa hiyo mtaa mwingine je?"

"Hatujui," alisema Tarumbeta. Alilisema taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Na chungu nilichopandia vitunguu, nikikiosha kinarudi kazini?"

Msichana alisita. "Sijui, mama. Hilo hatukuwahi kufikiria kulichunguza. Kwa mtoto, mimi nisingekitumia."

"Binti," alisema Mama Mapacha, pacha mmoja kila paja, "umesema hujui, hujui, tangu umekuja. Hebu tuambie, huko shuleni ulijifunza nini?"

Watu wakaangua kicheko. Msichana akaona haya, lakini naye akacheka, akaketi chini kwenye jiwe la kufulia. "Nilijifunza kuuliza kama wewe," alisema. "Ila nilichelewa kujifunza kujibu."

"Hapo sasa umejibu," alisema Mama Mapacha.

Tarumbeta akawa anaeleza habari ya masika, kwamba maji yakija na rangi wachemshe kwanza, na kwamba hata hivyo hakuna aliyepima, ndipo kona ya juu ilipolipuka. Gari lilikuwa linashuka. Lilikuwa limefungwa vitambaa vya rangi, na kinyozi alikuwa amekaa pale alipokaa Tarumbeta miaka yote, koo lake changa likipasua hewa: njooni duka jipya, chujio la ajabu, watafiti wamethibi... Sauti ikawafunika wote. Midomo ilicheza bila maneno. Mapacha waliziba masikio kwa furaha. Kinyozi aliwapungia mkono, na Tarumbeta, kwa kuwa ni mtu mwenye malezi, akampungia pia. Aliliangalia gari mpaka vumbi lake likatua.

"Anakaza shingo," alisema Tarumbeta. "Mpaka adhuhuri atakuwa amekauka."

Baadhi ya waliosimama kwa mbali walikuwa wamelifuata gari. Jua lilikuwa limepanda, na kule juu muziki wa duka jipya ulikuwa umeanza. Mama Mapacha alimhamisha mtoto paja.

"Baba, samahani. Hapo mwisho sikusikia. Kabla ya gari."

"Hukusikia wapi?"

"Uliposema masika. Na lile la mbele yake pia, la brashi. Na kusema kweli, mwanzoni nilikuwa natafuta ndoo za wageni."

Tarumbeta aligeuka akamtazama mkewe. Karani alimpa kikombe cha maji yaliyochemshwa. Akanywa, akaivuta ndoo yake mpaka magoti yake yakakaribia kizingiti cha mlango, akakohoa kusafisha koo, akaanza tena tangu mwanzo.